Elki wa kwanza Colorado: nikishampiga, nyama inashukaje mlimani?

Mgeni_wa_Milima

Wakuu, heshima mbele. Niko Aurora, Colorado, mwaka wa tatu sasa, kadi ya kijani ninayo na kozi ya uwindaji nimemaliza. Leseni ya elki (elk, kulungu mkubwa wa Amerika) dume, msimu wa pili wa bunduki mwishoni mwa Oktoba, nanunua kaunta bila droo. Leseni ya dia dume nimeipata kwenye droo, msimu uleule, upande wa milima ya Flat Tops. Nasema "dia" kama tunavyosema huku: mule deer, kulungu wa milimani mwenye masikio makubwa kama ya baghala. Asije mtu akadhani naulizia nyumbu wa Serengeti.

Bunduki ni .308 yenye darubini. Tutakuwa wawili, mwenzangu ana leseni yake ya elki. Shemeji yangu yuko huku kwa viza ya masomo, naye anataka kuja kusaidia.

Naomba kujua: asubuhi tukae wapi na mchana tufanye nini? Tupige kwa umbali gani? Na kubwa zaidi, mnyama wa kilo 300 akianguka kilomita 3 kutoka kwenye gari, tunamfanyaje nyama isioze? Tukikosea sheria mahali, ni wapi?

---

Karani_wa_Pori

Nianze na shemeji, maana hapo mtu anaweza kuharibu karatasi zake za uhamiaji kwa jambo dogo. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe na leseni ya uwindaji iliyo hai. Kama hana, abebe nyama, maji na kamba. Hata ile ya "nishikie kidogo nivuke mto" asiikubali. Wewe mwenye kadi ya kijani hilo halikuhusu.

Mavazi: inchi za mraba 500 za rangi ya chungwa inayong'aa, au waridi inayong'aa, juu ya kiuno, na kofia ya rangi hiyo inayoonekana pande zote. Iwe rangi tupu. Ile yenye madoa ya majani haihesabiwi. Begi kubwa likikufunika mgongo, funga kitambaa cha chungwa juu ya begi.

Risasi iwe ya kupanuka, isiyopungua grein (kipimo cha uzito wa risasi) 85 kwa elki na 70 kwa dia. Kwa .308 hapo umeshavuka. Saa za kupiga ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Chapisha jedwali la saa la siku zako ulitie mfukoni, maana simu hufa kwa baridi.

Pembe ndiyo mtego wa wageni. Sehemu nyingi za Colorado elki dume halali ni mwenye ncha 4 au zaidi kwenye pembe moja, au tawi la chini, lile linalotokea juu ya jicho, lenye urefu wa inchi 5 au zaidi. Dume kijana mwenye pembe mbili zilizonyooka kama mishikaki si wako. Usipoweza kuhesabu ncha kwa darubini, usifyatue.

Kosa baya kuliko hilo ni kumpiga musi (moose) ukidhani ni elki, na hutokea. Musi ni mweusi mwili mzima, pua ndefu iliyoinama, ana kitu kama ndevu chini ya koo, na dume ana pembe bapa kama kiganja. Elki ana shingo nyeusi na mwili wa rangi ya mchanga, matako yake ni meupe-manjano, na pembe zake ni fimbo ndefu zenye matawi zinazolala nyuma.

Leseni ya mwenzako ni ya mwenzako. Akikosa yeye, humpigii wewe ukatumia lebo yake, ile karatasi ya leseni inayofungwa kwenye mnyama. Mnyama akishaanguka, lebo inatolewa na kutiwa saini na tarehe palepale, halafu inafungwa kwenye nyama kabla ya kusafirisha. Ushahidi wa jinsia ubaki umeshikana na nyama kwa asili yake: kwa dume, acha korodani moja kwenye paja. Kichwa kilichokatwa peke yake hakitoshi.

Na ardhi ya watu: Colorado mwenye shamba halazimiki kuweka kibao wala uzio. Usipoona alama si ruhusa. Pakua ramani ya mipaka kwenye simu kabla hujaondoka, mlimani hakuna mtandao. Ndani ya gari chemba iwe tupu, na usipige kutoka barabarani wala kuvusha risasi juu ya barabara. Stempu ya makazi ya wanyamapori (Habitat Stamp) inahitajika kwa wenye miaka 18 hadi 64. Hakikisha imo kwenye ununuzi wako.

---

Bucha_Mlimani

Ndugu mgeni, umelileta swali la nyama mwisho, lakini ndilo la kwanza. Watu hutumia miezi sita kuchagua bunduki na dakika tano kufikiria nyama. Fanya hesabu kabla hujachagua bonde.

Dume mzima, mapaja na mikono ikiwa na mifupa: kila paja ni kama kilo 30, kila mkono kama 18, halafu sarara, shingo na nyama za mbavu kama 25 hadi 30. Jumla inafika kilo 120 na zaidi kidogo. Mzigo wa kushuka nao mlimani bila kuvunja goti ni kilo 25 hadi 30. Weka kichwa na vifaa vyenu, unapata mizigo 5. Kwa mtu mmoja, kilomita 3 kutoka kwenye gari, mizigo 5 ni kwenda mara tano na kurudi mara nne: kilomita 27 kwa miguu, zaidi ya nusu yake akiwa amebeba. Mkiwa watatu na shemeji inakuwa safari mbili kila mmoja, siku moja inatosha. Kwa hiyo kilomita 3 za kushuka mnaziweza. Kilomita 3 za kupanda na mzigo, yaani elki yuko bondeni na gari liko juu, kataeni. Mwacheni apite.

Mifupa mnaweza kuitoa hukohuko mkapunguza kilo 20 na ushee. Ubaya wake ni kwamba nyama isiyo na mfupa hulegea ndani ya mfuko, inajikusanya kama unga na joto linabaki katikati. Kwa usiku wa baridi acha mfupa. Kukiwa na joto au njia ni ndefu, toa.

Vifaa: kisu kigumu cha ubapa wa inchi 4 na cha kunolea. Vile visu vya wembe wa kubadilisha ni vikali kweli, ila wembe huvunjika kwenye kiungo na kipande kinabaki ndani ya nyama kikimsubiri kidole cha mtu. Kamba mita 15, mifuko ya kitambaa 6, glavu, taa ya kichwani na betri za akiba. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Nyama yenye joto ndani ya plastiki inatoa jasho na kuchacha kabla hamjafika kwenye gari.

Sasa kazi yenyewe. Njia rahisi kwa mtu asiye na winchi ni ya kutopasua tumbo. Mlaze ubavu, mgongo ukiangalia juu ya mteremko, na mfunge mguu mmoja kwenye mti asiviringike. Tia ncha ya kisu chini ya ngozi, makali yakiangalia nje, upasue mstari wa mgongo kuanzia nyuma ya shingo hadi mkiani. Ukikata kutoka nje kwenda ndani unakata manyoya, na manyoya yaliyokatwa hujaa kwenye nyama kama pamba. Chuna kushuka mpaka tumboni, ngozi iwe mkeka wako.

Mkono unatoka wenyewe: hauna kiungo cha mfupa na kifua. Mwenzako anyanyue, wewe unafuata kwa kisu chini ya bamba la bega. Paja lina kiungo cha nyonga. Ingia kwa ndani ya paja, fuata mfupa wa kiuno mpaka uone kile kitufe cheupe, kata mshipa unaokishika, geuza, paja limetoka. Hapo ndipo unapokumbuka korodani ya Karani.

Halafu sarara: kisu kimoja kando ya uti wa mgongo, kingine juu ya mbavu, unavuta. Shingo na nyama za mbavu zinafuata. Sarara ya ndani iko chini ya uti wa mgongo, nyuma ya ubavu wa mwisho. Pasua hapo kidogo, sukuma tumbo chini kwa mkono mmoja, na uichomoe kwa vidole. Ukifika hapa tumbo limeshaanza kujaa gesi, kwa hiyo ncha ya kisu isiingie. Ukimaliza upande mmoja, mgeuze. Watu wawili wasiojua huchukua kama saa tatu.

Sheria ya Colorado inataka mtoe mapaja, mikono, sarara na sarara ya ndani. Shingo na mbavu ni juu yenu, ila mtu wa kwetu anayeiacha shingo ya elki mlimani simwelewi.

Kuoza huanzia wapi? Kwenye kiungo cha nyonga na ndani ya bega, karibu na mfupa. Wageni huona theluji wakadhani Mungu amewapa friji. Elki aliyelala juu ya theluji na ngozi yake ni sawa na mtu aliyejifunika blanketi, upande wa chini unaiva. Ngozi itoke ndani ya saa moja, na vipande vitundikwe kivulini, upepo upite pande zote, visigusane. Utakuta juu pamekauka utando kama karatasi. Huo ni mzuri, unazuia nzi.

Tundikeni nyama angalau mita 100 kutoka kwenye mzoga. Dubu mweusi akinusa ataanza na matumbo, mkirudi kwa mzigo wa pili msimkute kwenye nyama. Kabla ya kusogea, simameni mbali mtazame kwa darubini, mpige kelele.

---

Upepo_Kwanza

Bucha kamaliza la nyama. Mimi nijibu pa kukaa.

Mlimani upepo una ratiba. Alfajiri hewa ya baridi ni nzito, inateremka bondeni. Jua likishapiga mteremko, saa tatu au saa nne asubuhi, hewa inaanza kupanda. Jioni kivuli kikirudi, inateremka tena. Maana yake asubuhi mapema uwe chini ya wanyama au sambamba nao, na mchana uwe juu yao. Kati ya saa tatu na saa nne hewa haina msimamo, inazunguka. Saa hiyo tulieni msitembee. Bebeni kichupa cha unga wa poda, mkitikise kila dakika chache muone unakoelekea. Elki akikuona anaweza kusimama akafikiri. Akikunusa, haulizi mara mbili: kundi zima linavuka bonde na siku yenu imeisha.

Mwisho wa Oktoba msimu wa kupandana wa elki umepita. Madume wakubwa wamechoka, wamekonda, wamejitenga wawili watatu kwenye msitu mnene wa upande wa kaskazini, mahali pa miti iliyoanguka ambapo mtu mvivu hafiki. Ukiona kundi la majike 40 uwandani, usitegemee dume mkubwa katikati yake. Kupiga mlio wa dume saa hizo ni kujitangaza. Mlio mdogo wa jike unafaa kwa jambo moja tu: kumsimamisha dume anayetembea.

Muwe mmekaa dakika 45 kabla ya mwanga halali, mkiangalia kingo za majani yanayopakana na msitu. Usiku kucha wanakula huko, na wanaingia msituni mapema kuliko mnavyodhani. Ikifika saa mbili na nusu hamjaona, ingieni msituni polepole, upepo usoni. Hatua tatu, simama, tazama chini ya matawi. Tafuteni mabapa madogo, yaani sehemu tambarare, katikati ya mteremko, ndipo wanapolala. Pua nayo ifanye kazi: harufu ya elki ni ya zizi kabisa. Mavi laini yanayong'aa ni ya leo, makavu yenye rangi moja ni ya zamani. Kwato za elki ni za mviringo, kama inchi 4. Za dia zina ncha na hazifiki hapo. Za ng'ombe ni butu na pana, na ng'ombe wamejaa kwenye milima hiyo, msije mkafuata maziwa.

Dia anatafutwa kwa macho, miguu ipumzike. Kaeni mteremko wa upande wa pili, jua likiwa mgongoni kwenu, darubini ikiwa juu ya kiegemeo. Msitafute mnyama mzima. Tafuteni sikio, mstari wa mgongo uliolala kati ya vichaka, tako jeupe lenye mkia wa ncha nyeusi. Akishtuka huruka kwa miguu minne kama mpira, na mara nyingi husimama kutazama nyuma kabla hajavuka kigongo. Hapo ndipo penye nafasi, kama tayari mmeegemea.

Umbali: .308 ya grein 165, ikilengwa sawasawa kwa yadi 200, itashuka kama inchi 9 kwa yadi 300 na kama futi 2 kwa yadi 400. Moyo na mapafu ya elki ni sahani kubwa, lakini futi 2 si jambo la kukisia. Kwenu mpaka uwe yadi 250, kwa kuegemea. Mkitumia kipima umbali na mmefanya mazoezi, 300. Zaidi ya hapo sogeeni.

Lenga nyuma ya mkono, theluthi moja kutoka chini ya mwili. Akiwa amekupa mgongo kimshazari, lenga risasi itokee kwenye mkono wa upande wa pili. Elki anaweza kupigwa mapafuni asitikisike hata sikio, watu wakadhani wamekosa. Endelea kupiga mpaka alale. Kisha weka alama pale alipokuwa amesimama, siyo pale ulipo wewe. Damu ya waridi yenye mapovu ni mapafu, subiri nusu saa. Nyeusi ni ini, ongeza saa kadhaa. Yenye majani na harufu ni tumbo: subiri saa sita na zaidi. Ukimfukuza mapema atatembea kilomita nyingine tatu, na hesabu ya Bucha imeharibika.

---

Mgeni_wa_Milima

Asanteni sana wakuu. Hiyo hesabu ya kilomita 27 imenifanya nifute bonde moja kwenye ramani sasa hivi.

Mawili yamebaki. Mwenzangu ni Mwislamu, anauliza kuhusu kuchinja. Na hii njia ya kutopasua tumbo, ini na utumbo inakuwaje? Nyumbani wameshaagiza supu.

---

Kisu_Kikali

La kuchinja: Bismillahi inasemwa wakati wa kufyatua. Akikutwa ameshakufa kwa jeraha la risasi, masheikh wengi wa sasa wanasema ni halali, maana risasi inatoboa na kumwaga damu. Akikutwa hai ametulia, lazima achinjwe. Mwenye kauli tofauti kwenye madhehebu yake amuulize sheikh wake kabla ya Oktoba.

Lakini mfikieni kwa akili. Njooni kwa upande wa mgongo, msipite mbele ya miguu wala pembe. Gusa jicho kwa fimbo ndefu. Likipepesa, yu hai. Akiweza kuinua kichwa bado hajawa mikononi mwenu: rudini nyuma, Bismillahi, risasi nyingine. Akiwa amelala kabisa anapumua tu, mmoja akanyage pembe chini, mwingine akate akiwa nyuma ya shingo. Kumchinja aliyekwisha kufa hakutoi damu. Damu yake iko kifuani, na itamwagika mkifungua.

---

Bucha_Mlimani

Ini na moyo mnavipata mwishoni, nyama yote ikishatundikwa. Pasueni tumbo wakati huo, hata likitoboka halimwagikii kitu. Tazameni ini: likiwa na madoa meupe au limevimba, liacheni. Utumbo wa elki ni mzigo mzima peke yake. Kama supu ni lazima, mwageni yaliyomo hukohuko, mbali na kijito, mbebe ngozi yake tu.

Ila kabla ya supu kuna CWD, ugonjwa unaokondesha dia na elki mpaka wafe. Uligunduliwa Colorado hukuhuku, mwaka 1967. Dia dume ndio wanaoupata zaidi. Haijathibitishwa kuwa unampata mtu, lakini ushauri wa kitaifa ni kutokula nyama ya mnyama aliyekutwa nao, na kuchemsha hakusaidii kitu. Kwa hiyo shukeni na kichwa, mkipeleke kituo cha Colorado Parks and Wildlife wachukue tezi za koo. Sehemu nyingine kupima ni lazima. Msipasue uti wa mgongo wala fuvu kwa msumeno, vaeni glavu, na nyama ya kila mnyama ifungwe na kuandikwa namba yake, ili jibu likija baya mtupe ya mmoja, siyo ya wote. Ini likae kwenye friza mpaka jibu lirudi.

Jingine kwa dia: upande wa ndani wa mguu wa nyuma, kwenye kifundo, kuna manyoya meusi yananuka. Hizo ni tezi. Ukizishika, badilisha glavu kabla hujagusa nyama, la sivyo utailaumu nyama bure kwamba inanuka beberu.

Kwenye gari: maboksi makubwa mawili ya barafu, na chupa za maji mlizogandisha nyumbani badala ya barafu ya vipande. Kama ni ya vipande, acheni kizibo cha chini wazi na boksi liiname, maji yatoke. Nyama ikilala kwenye maji mekundu kutoka Meeker, mji wa karibu na Flat Tops, hadi Aurora inageuka kijivu na kunyonya ladha ya chuma.